Bakuli la Meku

Jumapili, 3 Machi 1957

Daftari hili nililinunua kwa maandalio ya masomo ya darasa la tatu. Sasa litabeba habari za mdudu. Naandika ili siku ndugu yangu Wilbert atakapotoka hospitali asije akasema sikumtunzia mali yake. Nitamfungulia ukurasa na tarehe, asome mwenyewe.

Alichukuliwa jana asubuhi na gari la wagonjwa. Siku nne alikuwa anatema damu na kuzifua leso zake kwa siri, kana kwamba mimi sina macho. Kifua kikuu, anasema daktari, na miezi kadhaa ya sindano. Miaka tisa nimemvumilia mtu huyu hapa mjini. Nilimtafutia kazi ya ukarani, akaiacha. Nikamtafutia ya ghalani, akaiacha. Akaenda kuuza ndizi soko la Kariakoo kwa sababu, eti, mikungu ikishushwa inanukia nyumbani. Mtoto wa katekista!

Na hiyo haikutosha. Desemba mkungu mmoja uliotoka Moshi kwa treni ulikuwa na kinyonga ndani. Wapagazi wote walitimua mbio, hata yule anayejigamba kila siku kwamba alipigana vita Burma. Wilbert akampandisha kwenye kijiti, akamleta nyumbani, akamtengenezea kizimba cha fito na wavu, akamwita Meku. Kwetu Uchagani Meku ndivyo anavyoitwa mzee wa heshima. Marehemu baba alikuwa Meku.

Jana akiwa kwenye machela, mtaa mzima umejaa mlangoni kutazama, alinishika mkono. Nikadhani atataja sala, au mama.

"Dada, Meku. Umpe vinavyotembea, vilivyokufa havitaki. Na maji, dada, maji yake—"

"Wilbert, nina cheti cha ualimu. Sihitaji kufundishwa kumwekea mnyama maji."

 Kisha akasema kwamba Meku akiishi mpaka atakapotoka, basi na yeye atatoka. Upuuzi mtupu. Lakini alisema akinitazama usoni, nami nikajibu ndiyo, mbele ya watu wote wale.

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwekea maji kwenye bakuli langu la bati lenye maua. Hakunywa.

Jumanne, 5 Machi

Hakunywa.

Jumatano, 6 Machi. Majivu

Nimepakwa majivu, nimefunga, nimefundisha vipindi sita. Hakunywa. Anazungusha jicho moja kwangu na jingine ukutani, na naona wazi kwamba ukuta unampendeza zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike aibu yangu mara moja, yaishe. Leo saa tisa nilikuwa kiwanja cha Mnazi Mmoja, mwavuli mkononi, nakimbiza panzi majanini na leso. Nimepata watano. Mzazi wa mwanafunzi wangu alipita, akasema, "Mwalimu, umepotelewa na nini?" Nikamwambia pete. Akainama kunisaidia kuitafuta, robo saa nzima, na panzi wanarukaruka ndani ya leso.

Niliporudi nikamfungulia mmoja kizimbani. Meku akamtazama muda mrefu, kama mkaguzi wa shule anayetazama daftari chafu. Kisha ulimi ukatoka, mrefu kuliko mwili wake wote, ukarudi na panzi. Sikupendezwa. Nikampa wa pili ili nihakikishe, na wa tatu.

Panzi wakikosekana kuna nzi, na nzi wako kwa Mzee Mbaruk. Huyu ndiye mwenye nyumba, Mwarabu, ana duka la halua na tende hapo mbele. Nusu ya nzi wa Mtaa wa Sikukuu wamehamia kwake na hawafukuzi. Nilipomwomba ruhusa ya kuwakamata alinisogezea kiti tu. Mtu huyu hana maneno kumi kwa siku. Maneno yote ya nyumba amemwachia mkewe.

Shomari, fundi cherehani wa barazani, aliniona na chupa yangu ya nzi. "Mwalimu, kinyonga akikuuma hakuachii mpaka ngurumo ipige."

"Masika yanakuja," nikamwambia. "Ngurumo zitakuwapo tele."

Hodari wa kushona vifungo, akili hana.

Jumapili, 10 Machi

Hospitali. Wodi ina vitanda kumi na viwili na harufu ya dawa ya sakafu. Nilibeba mtori wetu wa ndizi, nyama nzuri. Wilbert alikula vijiko vinne.

"Meku anakula?"

"Anakula kukushinda wewe."

"Na kunywa je?"

"Usinifundishe kazi."

Akacheka. Sijui kinachomchekesha mtu aliyelala pale.

Jumatano, 13 Machi

Lazima niseme habari za Bi Hamdiya, mke wa Mzee Mbaruk, kwa maana nisiposema nitapasuka. Ni mwanamke mnene, kila neno lake lina Mungu ndani, na kila swali lake lina pua ndani. Kwa nini sikuolewa? Kwa nini napiga pasi gauni la kazini kila siku? Namwamkia shikamoo, ni mkubwa, lakini inaishia mdomoni.

Kizimba kimetundikwa pale alipokitundika Wilbert, kwenye mkomamanga wa uani, matawi yake mawili yamepenya ndani ya wavu. Chini ya mkomamanga ndipo ulipo mtungi wa Bi Hamdiya wa kutawadhia. Anachota kwa kata, ananawa, anasukutua, na akimaliza anakung'uta mikono kuelekea mkomamanga. Matone yanaruka kila mahali. Majani, kizimba, Meku, vyote vinachuruzika. Mara tano kwa siku! Bata ana adabu zaidi ya hiyo.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Kubwa. Wanafunzi kumi na tisa tu kati ya arobaini.

Alhamisi, 21 Machi

Panzi wanne, mende mmoja. Amekuwa wa kijani kama jani la mgomba. Bakuli bado limejaa, ila sasa sishangai, nadhani viumbe wa namna hii hawana haja ya maji kabisa. Ninabadilisha maji kila asubuhi kwa sababu niliahidi.

Jumapili, 24 Machi

Wilbert ameongezeka ratili tatu. Nesi anasema ni sindano. Wilbert anasema ni Meku. Mtori wote ulikwisha. Nilitembea kurudi nyumbani badala ya kupanda basi, sijui kwa nini, matope yote yale.

Jumatatu, 1 Aprili

Ramadhani imeanza leo, na sisi bado tuko Kwaresima, kwa hiyo nyumba nzima ina njaa na hakuna anayesema na mwenziwe vizuri.

Jioni Bi Hamdiya aligonga mlango. "Mwalimu, mwanangu, nina ombi. Mwezi huu uani mchana hatuli hadharani. Wewe ule chumbani kwako, jiko lako uliwashe jioni. Si amri, ni heshima tu."

Ati ananifundisha heshima! Miaka mitano nimekaa nyumba hii, hakuna Ramadhani aliyoniona natafuna uani. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, katika chumba changu hakuna kitakachotia chakula mdomoni mbele ya waliofunga, awe mtu, awe mnyama. Kinyonga naye atakula baada ya adhana ya magharibi. Akafungua kinywa kusema neno. Nikasema usiku mwema.

Wasije wakasema Wachagga hawana adabu.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku kucha. Leo saa kumi nilimkuta Bi Hamdiya anakung'uta mikono, na Meku amelowa chapa, matone yanamning'inia kidevuni. Yaliyonijaa tangu jana yakatoka.

"Bi Hamdiya, mwenye mnyama huyu yuko hospitali kwa sababu ya kifua. Unataka na huyu apate kifua? Unamrushia maji ya kusukutulia!"

"Mwanangu, huyu mdudu—"

"Si mdudu, ana jina."

Nimekiondoa kizimba kwenye mkomamanga. Nimekitundika upenuni mlangoni kwangu, pakavu, hapafiki mvua wala mkono wa mtu. Bakuli nimeliosha na kulijaza. Bi Hamdiya alisimama na kata yake akanitazama, akaingia ndani. Nimeshinda.

Jumatano, 3 Aprili

Baada ya adhana nilimpelekea panzi. Alikuwa amelala, mweupe kama karatasi, mkia umejikunja. Panzi wametoroka. Hakunywa.

Ijumaa, 5 Aprili

Vivyo hivyo. Hakunywa.

Jumapili, 7 Aprili

Wilbert ratili moja zaidi. Nikamwambia Meku mzima, na sikukaa sana.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Maji yameingia mpaka kwenye duka la halua. Shomari anashonea juu ya meza, miguu ameikunja. Meku amekuwa wa kahawia na harudi kijani. Nimempelekea nzi saa moja jioni, na taa. Akafumbua jicho, akalifumba. Hakunywa.

Alhamisi, 11 Aprili

Anadeka. Amefanana na Wilbert, akikosa kubembelezwa anasusa. Hakunywa.

Jumapili, 14 Aprili. Matawi

Wilbert aliniuliza kama kawaida. Safari hii nilichelewa kujibu, akaona. Akajiinua kwa kiwiko.

"Dada, anakunywa?"

Nikasema, "Anakunywa sana. Jana amemaliza bakuli zima."

Nilidhani atafurahi. Alinitazama hivi, kisha akajilaza, akageukia ukutani. Nikamfungulia mtori, akasema ameshiba. Ameshiba nini? Niliketi saa nzima natazama kisogo cha mwanamume wa miaka thelathini na moja anayenuna kama mtoto, na tawi langu la mtende limekauka mkononi. Nilimwachia mtori mezani nikaondoka. Inatosha.

Jumatano, 17 Aprili

Shule imefungwa tangu juzi. Nashinda nyumbani namtazama. Macho ya Meku yameingia ndani. Yale macho yaliyokuwa yametokeza sasa yamebonyea kama chungu kilichogongwa. Bakuli liko chini ya pua yake, limejaa mpaka ukingoni. Nimelisogeza. Nimechovya kidole kumwonyesha. Hakunywa.

Ijumaa Kuu

Kanisani. Sikusikia mahubiri hata neno.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo mchana, saa tisa na kitu, Meku alianguka kutoka kwenye kijiti. Hakuruka wala hakuteleza. Aliachia tu. Nikamwokota kwa mkono wangu mtupu, mkono ambao haujamgusa tangu Desemba. Mwepesi kama ganda la karanga. Mvua inamwagika kutoka kwenye bati hatua mbili kutoka niliposimama, uani pamekuwa ziwa, na mimi nina kiumbe kimekauka kiganjani.

Nilikaa kizingitini nikalia. Nilipigwa na hofu. Nilimwona Wilbert juu ya machela.

Bi Hamdiya alitoka kwenda kutawadha kwa sala ya alasiri. Siku kumi na nane hatujasemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Akaniona. Akaweka kata chini, akaja, akamtazama yule mnyama.

"Lini mara ya mwisho amekula?"

"Kila siku nampelekea baada ya magharibi. Analala tu."

"Baada ya magharibi? Mwalimu! Huyu jua likichwa amelala, tangu Desemba namwona. Nani kakwambia kinyonga anafunga?"

Nikamfunika Meku kwa kiganja cha pili.

"Mgonjwa kasamehewa, msafiri kasamehewa, mtoto kasamehewa. Wewe umemfungisha mdudu!" Hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata la kumkasirikia. "Na maji je?"

Nikamwonyesha bakuli.

"Haya hayaoni. Yametulia, kwake si maji. Mbona kila nikitia udhu alikuwa analamba majani? Ndiyo maana nikawa namkung'utia. Nilitaka nikwambie siku ile, ukanikatiza."

Akamchukua Meku mkononi mwangu. Mwanamke huyu anaogopa vinyonga. Najua anaogopa, mwezi Desemba alipiga kelele mpaka majirani wakaja.  Akamweka kwenye tawi la mkomamanga, akachovya vidole kwenye kata, akakung'uta juu ya jani lililo mbele yake. Tone likaning'inia, likayumba. Jicho moja lililobonyea likageuka polepole. Akakung'uta tena. Midomo ya Bi Hamdiya ilikuwa imepasuka kwa ukavu, hajatia tone kinywani tangu alfajiri, na ameshika kata iliyojaa maji, anamwambia kinyonga, "Kunywa, baba. Kunywa, Meku."

Meku akafungua kinywa, akalamba lile tone.

Alikunywa kwa dakika ishirini. Nilishika kata. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Na kila tone lilipoingia nilikumbuka vidole vyake miezi yote hii, mara tano kwa siku, nami nikimlinganisha na bata.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Nilikwenda hospitali na furaha yangu. Nesi akanipokea mlangoni. Wilbert hajala wiki nzima. Sindano anapigwa kwa nguvu. Ratili zote nne zimekwenda, na nyingine juu yake. "Mtu akiamua hivyo, mwalimu, dawa haisaidii."

Nilimkuta amegeukia ukuta uleule.

"Wilbert, Meku mzima."

"Dada," akasema bila kugeuka, "alikufa lini?"

"Nakwambia mzima! Jana amekunywa."

"Bakuli zima?" Sauti haikuwa na hasira. "Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Hajui kama ni maji. Nilitaka nikwambie siku ile mlangoni. Ungesema hanywi, ningekufundisha. Uliposema amemaliza bakuli zima nikajua ameshakufa, na wewe unanihurumia. Wewe hujawahi kunihurumia, dada. Nikasema basi, na mimi nimekwisha."

Nilimweleza habari ya mkomamanga, ya udhu, ya matone. Alisikiliza kama unavyosikiliza hadithi ya mtoto. Kwa nini aniamini? Bakuli lile nililisema kwa sauti hiihii.

Katika daftari hili nimewasimanga wapagazi, fundi, mwenye nyumba, mkewe, na ndugu yangu. Nimesoma kurasa zote jioni hii. Mjinga yumo mmoja, na ana cheti.

Jumatatu, 22 Aprili

Asubuhi nilikitungua kizimba kutoka mkomamanga, nilikokirudisha Jumamosi, nikatia ndani kijitawi chenye majani. Bi Hamdiya akauliza naenda wapi. Nikamwambia. Akaingia ndani, akatoka na buibui, chupa ndogo ya maji, na kanga yake moja ya kufunikia kizimba. "Wewe hujui kukung'uta," akasema. Mzee Mbaruk akamtilia mkewe tende tatu kwenye karatasi, asije akafuturu njiani bila kitu. Akasema, "Mfike salama." Nadhani hayo yalikuwa maneno yake ya leo.

Kondakta wa basi aliuliza kuna nini humo. Nimekoma kudanganya. "Kinyonga," nikasema. Basi zima lilishuka upande wa pili. Ikabidi twende kwa miguu, matope mpaka vifundoni, watu wakitupisha kama tumebeba moto. Bi Hamdiya alihema njia nzima na hakulalamika. Mara mbili alisimama, akafunua kanga, akamkung'utia Meku.

Nesi alitukatalia. Si siku ya kutazama wagonjwa, na wanyama hawaingii wodini, kabisa. Tukazunguka nyuma. Kitanda cha Wilbert kiko dirishani, nami nina urefu wa kutosha. Nikakiinua kizimba mpaka kwenye nondo.

"Wilbert. Geuka."

Hakugeuka.

"Meku amekuja," nikasema.

Akageuka. Bi Hamdiya alikuwa amesimama juu ya tofali, buibui limejaa matope, akatia maji kiganjani, akakung'uta kwenye jani. Meku akaliona tone. Akalifuata hatua moja, akarudi nusu, akayumba kama kawaida yake ya kuudhi, mikono yangu inakufa ganzi, akalamba. La pili, la tatu. Wilbert aliegemea nondo, shingo yake nyembamba kama ya kuku, machozi yanamtiririka.

"Dada," akasema, "nina njaa."

Na mimi, niliyebeba mtori kila Jumapili tangu Machi, leo sikuwa na kitu. Hata kipande cha mkate. Nikabaki natazama mikono yangu iliyoshika kizimba.

Bi Hamdiya akafungua karatasi yake, akapitisha tende kwenye nondo. Moja. Akangoja ameze. Ya pili. Akangoja. Ya tatu. Futari yake yote.

Jumapili, 28 Aprili

Nusu bakuli la mtori. Ratili moja. Meku: panzi sita, mchana kweupe, nyumba nzima imefunga na hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 1 Mei

Idi. Nilimpelekea Bi Hamdiya kitambaa cha gauni. Akasema rangi ya kizee. Alikivaa begani siku nzima. Shomari amejitolea kukishona na ameshakata vibaya.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imepungua. Wilbert amekula mtori wote na kulamba kijiko, bila kushukuru. Daktari anasema labda Agosti, labda Septemba.

"Anakunywa?" akaniuliza.

"Kwa mkono wa Bi Hamdiya anakunywa. Mimi nikimkung'utia anageuza uso. Wiki mbili sasa najaribu kila siku. Jana nilimlowesha mpaka yeye na mimi tukawa kama tumetoka mtoni, hakulamba hata tone."

Wilbert alicheka mpaka akakohoa, nesi akaja kunitazama kwa jicho baya. Kikohozi kilikuwa kikavu, leso yake ikabaki nyeupe. Niliichukua nikaikagua mbele yake, pande zote mbili, naye akaniacha niikague.

Nimerudi nyumbani saa kumi. Bi Hamdiya alikuwa ameshatawadha, amenibakizia maji kwenye kata. Nimejaribu tena. Meku amenitazama kwa jicho moja, lile jingine akalipeleka ukutani. Sijapata kuona kiumbe chenye dharau kama kile.